Kwenda Majuu Kusomea Kompyuta: Historia Kabla ya Kuuza Kiwanja

Kimya kingi, najua. Test mbili zimepita na ya tatu ni Alhamisi, lakini leo naomba desa likae pembeni kidogo, maana kuna jambo limenikaa kichwani wiki nzima.

Jambo lenyewe ni hili. Nyumbani tuna kiwanja kimoja kule Buhongwa, ndiyo mali pekee ya maana aliyotuachia babu. Dogo wetu kamaliza form six, PCM, matokeo mazuri tu. Kapatana na wakala mmoja wa mjini ambaye kamwonyesha picha za chuo nje ya nchi, kozi ya sayansi ya kompyuta, miaka mitatu. Baba mdogo anasema kiwanja kiuzwe, kijana aende. Mama anasema mtoto akishapanda ndege hiyo ndiyo basi tena, atabaki huko anabeba boksi. Kikao kikagawanyika, halafu wote wakanigeukia mimi, eti kwa kuwa ndiye niko chuo. Nikawaambia, "Nipeni mpaka Jumapili."

Sasa badala ya kujibu kwa kubahatisha nikaamua kupiga msuli kwenye historia. Watu wetu walianza lini kwenda nje kusomea hii kitu? Nani alikuwa analipa? Na waliporudi walikuta nini? Hebu tuende pamoja.

MASHINE ILITANGULIA WASOMI

Tunapenda kufikiri kwamba wenzetu walianza kusoma kompyuta karne na karne huko nyuma. Hapana. Kozi ya kwanza duniani iliyompa mtu cheti cha kompyuta ilikuwa diploma ya Cambridge, Uingereza, mwaka 1953. Idara ya kwanza ya sayansi ya kompyuta Marekani ilianzishwa Chuo Kikuu cha Purdue mwaka 1962. Manchester, ambako Waingereza walitengeneza mashine zao za mwanzo, ilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa digrii ya kompyuta mwaka 1965.

Shika huo mwaka, 1965. Ni mwaka huohuo kompyuta ya kwanza ilifungwa Tanzania, pale Hazina Dar es Salaam, mashine ya aina ya ICT 1500. Yaani wakati vijana wa Manchester wanaingia darasani siku ya kwanza, sisi mashine tayari tunayo! Tulichokosa ni watu wa kuiendesha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na miaka minne tu tangu kianze 1961, na kompyuta haikuwa somo la kusomewa digrii pale. Ukitaka kuijua mashine ile kwa undani ilibidi usafiri, au ufundishwe na waliokuja nayo.

NANI ALIKUWA ANALIPA?

Safari zenyewe zilishaanza kabla ya kompyuta. Mwezi wa tisa 1959, Tom Mboya wa Kenya alifanikisha ndege ya kukodi iliyowabeba wanafunzi 81 kwenda Marekani. Mpango ule ulipoisha mwaka 1963 walikuwa wamekwenda karibu 800, wengi Wakenya, lakini na wa Tanganyika na Uganda walikuwemo. Mwaka 1960 mfuko wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 kwa ajili ya nauli zao.

Upande wa pili nao haukulala. Mwaka huohuo 1960 Wasovieti walifungua Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa pale Moscow, na 1961 wakakipa jina la Patrice Lumumba. Jina hilo liliondolewa 1992, likarudishwa 2023. Mwanafunzi wa Kiafrika alianza kwa mwaka mzima wa kujifunza Kirusi, halafu ndiyo anaingia kwenye hesabu, fizikia au uhandisi. Ada, malazi na posho vilikuwa juu ya mwenyeji. (Kwa faida ya wadau wa Nyegezi: 1960 ndiyo mwaka Mapadre Weupe walipoanzisha chuo cha mafunzo ya jamii hapa jirani, kile kilichokuja kuwa SAUT mwaka 1998. Kwa hiyo Nyegezi na Moscow ni marika!)

Hakuna aliyekuwa anatoa hela kwa huruma tupu. Ilikuwa Vita Baridi. Kila kambi ilitaka kiongozi wa kesho awe amekula ugali wake, au niseme mkate wake. Lakini kwa familia ya Usukumani hesabu ilikuwa nyepesi: kijana kafaulu, kachaguliwa, kaenda. Hakuna aliyeuza ng'ombe zizi zima wala shamba la pamba. Na mara nyingi serikali ilikuwa inajua nani kaenda wapi kusomea nini, kwa hiyo akirudi kuna meza inamsubiri.

1974: UNARUDI, MASHINE IMEPIGWA MARUFUKU

Hapa ndipo niliposimama kusoma nikatoka nje kupunga upepo kidogo. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini. Mashine za mwanzo zilikuwa ghali, zinakula fedha za kigeni, zinategemea wataalamu wa nje, na kazi ya hesabu za serikali waliyopewa haikwenda ilivyotarajiwa. Ikaonekana bora tusitishe kwanza.

Mimi siyo wa kuwacheka wazee. Nchi ilikuwa na njaa na bei ya mafuta ilikuwa imepanda vibaya sana baada ya 1973. Lakini jiweke kwenye nafasi ya kijana aliyekuwa nje mwaka ule anajifunza kuandika programu. Huku nyumbani mlango umefungwa! Elimu ya udaktari unarudi nayo popote palipo na mgonjwa. Elimu ya kompyuta bila kompyuta ni kama kujua kusuka nyavu kisha ukahamia kusiko na ziwa.

Katazo lililegezwa kidogo kidogo miaka ya 1980, kompyuta ndogo za mezani zilipoanza kuingia kupitia miradi ya wafadhili na mashirika. Lakini miaka ile ilituachia pengo. Wenzetu walikuwa wanajenga idara, sisi tunajaza fomu za vibali.

WAZAZI WANAANZA KULIPA

Mwaka 1991 Umoja wa Kisovieti ukavunjika, na ule ushindani uliokuwa unatulipia nauli ukafifia. Nyumbani nako uchumi ulikuwa umefunguliwa. Kompyuta zikaingia benki, kwenye kampuni za simu, hadi stesheneri za mtaani, na kila mzazi akasikia kwamba kompyuta ndiyo mpango mzima. Vyuo vya hapa nafasi zilikuwa chache mno.

Ndipo ikaja India. India ilikuwa mwenyeji wetu wa zamani: mpango wake wa ITEC, ulioanza 1964, ulikuwa unachukua watumishi wa serikali kwa kozi fupi, na baadaye kozi za kompyuta zikawa nyingi. Lakini kuanzia miaka ya 1990 waliomiminika ni vijana wa kujilipia, kwenye miji kama Pune, Bangalore na Hyderabad. Ada ilikuwa nafuu kuliko Uingereza, masomo ni kwa Kiingereza, na digrii ya matumizi ya kompyuta ilichukua miaka mitatu. Baadaye Malaysia nayo ikaingia kwenye ramani.

Hapa wadau ndipo mambo yalipobadilika. Zamani aliyelipa alikuwa serikali au mwenyeji, na hasara ikitokea ni yake. Sasa aliyelipa ni baba na mama, kwa kiinua mgongo, kwa mkopo, kwa kiwanja. Na katikati pakazaliwa mtu mpya ambaye zamani hakuwepo: wakala. Wapo mawakala waaminifu kabisa. Ila mara nyingi wakala anapata chake siku unapoondoka, siyo siku unapohitimu.

WALIORUDI

Mama anasema wakienda hawarudi. Nilimjibu kwa heshima, "Mama, wapo waliorudi, tena wakageuza mambo."

Kenya, Shem Ochuodho alisomea udaktari wake wa kompyuta York, Uingereza. Akarudi Nairobi, na kituo alichokiongoza, ARCC, kikawa miongoni mwa vya kwanza kuwapa Wakenya intaneti katikati ya miaka ya 1990. Uganda, Venansius Baryamureeba alipata udaktari Bergen, Norway, mwaka 2000, akarudi Makerere akaikuza taasisi ya kompyuta ikawa kitivo kizima mwaka 2005. Baadaye akawa makamu mkuu wa chuo, na 2016 akagombea hadi urais! Hapa kwetu, Jabiri Bakari alihitimu udaktari Chuo Kikuu cha Stockholm mwaka 2007, akiandika juu ya usalama wa mifumo ya habari kwenye taasisi zetu wenyewe. Akaja kuongoza Wakala ya Serikali Mtandao, kisha TCRA.

Angalia walivyofanana. Walikwenda wakiwa watu wazima, kwa shahada za juu, na walikuwa na pa kurudi. Wengi wa Dar es Salaam walisoma kwa utaratibu wa Waswidi: unakaa kule miezi kadhaa, unarudi kufanya utafiti nyumbani, unakwenda tena. Mtu hang'oki mizizi. Na matunda yakaonekana mapema. Mwaka 2004 idara ya kompyuta ya UDSM, ikishirikiana na wataalamu wa Sweden, ilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia nyaraka iliyosema Kiswahili. Ukibofya, unaambiwa kwa lugha ya bibi yako!

Na waliobaki huko? Siwatupii mawe. Wengine ndio waliojenga nyumba zetu na kusomesha wadogo zetu. Boksi walilobeba limelisha watu. Ila kama familia inauza kiwanja cha pekee, ina haki ya kujua kwamba kubaki ni moja ya majibu yanayowezekana.

MAJUU YAMESOGEA

Kilichonishangaza zaidi ni miaka ya karibuni. Bodi ya Mikopo ilianza kazi 2005, ndiyo hilo bumu tunalogombania kila semista. UDOM ilifunguliwa 2007, na ndaki ya kompyuta ikiwemo. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ukatia nanga Dar es Salaam, tukaanza kuachana na intaneti ya setilaiti iliyokuwa ghali na ya kusuasua. Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha ikaanza kupokea wanafunzi 2011. Chuo cha Carnegie Mellon cha Marekani, moja ya majina makubwa duniani kwenye kompyuta, kikaanza kufundisha shahada ya uzamili Kigali mwaka 2012.

Kigali! Mtu wa Mkolani anasimama barabarani hapahapa, anapanda basi, anapita Buhongwa na Usagara, anavuka daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025, na safari inaendelea hadi mpakani Rusumo. Hahitaji ndege.

Halafu 2023 ikawa kali zaidi. IIT Madras, kile chuo cha India ambacho watoto wa Kihindi wenyewe wanakesha miaka kwa ajili ya mtihani wake wa kuingia, kilifungua kampasi Zanzibar. Ni kampasi ya kwanza ya IIT nje ya India, na ilianza na sayansi ya data na akili bandia. Miaka yote tumekuwa tunakwenda India, safari hii India imevuka bahari kuja kwetu.

SASA KIWANJA JE?

Historia haimwambii dogo aende au abaki, lakini inatuonyesha mahali pa kuangalia. Miaka ya 1960 mwenyeji alilipa na serikali ikapokea. Mwaka 1974 ilithibitika kwamba elimu hii inakufa kama nyumbani hakuna pa kuitumia. Leo pa kuitumia papo, na darasa la kwanza lipo karibu. Kwa digrii ya mwanzo sioni kwa nini ardhi ya babu iuzwe. Asome hapa kwa mkopo, apate ufaulu mzuri, halafu uzamili aombe ufadhili aende, iwe Stockholm, Kigali au Chennai, hela ikiwa ya mwenye ufadhili kama zamani.

Na kama kikao kitaamua vingine, basi angalau kabla ya dalali kuitwa twende TCU. Wao ndio wanaotambua vyeti vya nje, wanaotoa barua ya kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma, na wana orodha ya mawakala waliosajiliwa. Jina la huyu bwana wa mjini liwemo au lisiwemo, tutajua.

Hayo ndiyo nitakayosema Jumapili. Baba mdogo atanuna, namjua, lakini ni mwelewa akionyeshwa hesabu. Dogo mwenyewe nimeshamnong'oneza. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza, "Hao wa Kigali wanataka GPA ngapi?"

Nikajua ameelewa. Haya wadau, msuli unaendelea, Alhamisi siyo mbali. Tuombeane tusidisko!