Neno moja, sauti mbili

Wengi wetu tulisoma Kifaransa kule Kongo. Hapa Burundi Kiingereza kimeingia kwa nguvu tangu nchi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2014 sheria ikakifanya lugha rasmi. Sasa sisi wakimbizi tunapata barua za Kiingereza, na kuna maneno yanatuchanganya.

Chukua "invalid". Mwenzetu mmoja aliliona kwenye barua, akaumia sana: eti wameniita kilema? Kwa Kifaransa "invalide" ni mlemavu kweli. Kumbe barua ilisema karatasi yake haikubaliki tena. Kwa Kiingereza, ukikaza mwanzo, IN-valid, ni mtu mgonjwa au mlemavu. Ukikaza katikati, in-VA-lid, ni kitu kisichokubalika. Herufi ni zile zile.

Imetoka wapi hii? Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na maneno mengi ya Kifaransa yakaingia. Waingereza wakayatumia kwa mdomo wao, polepole mkazo ukahama. Mwaka 1570 jozi za jina na kitendo zilizotofautiana kwa mkazo zilikuwa tatu tu, "record" ikiwemo. Kufika 1934 zilikuwa kama 150. Jina hukazwa mwanzo, kitendo mwisho: RE-cord ni kumbukumbu, re-CORD ni kurekodi, PER-mit ni kibali, per-MIT ni kuruhusu.

Maana nayo inahama. "Refugee" mwanzo waliitwa Waprotestanti waliokimbia Ufaransa, mfalme Louis XIV alipowafutia uhuru wa dini mwaka 1685. Leo ndilo jina letu, na Mkataba wa 1951 umelipa maana ya kisheria.

Tusiogope. Hata Kiswahili kinacho: bara-BA-ra ni njia ya magari, ba-RA-bara ni sawa kabisa. Hakuna anayetuchanganya hapo, kwa sababu tunasikiliza sentensi nzima. Na Kiingereza tukisikilize hivyo hivyo.

Na kwenye interviu, neno likikupiga chenga, simama, muulize mkalimani: "Hapa lina maana gani?" Kuuliza si ujinga. Jibu lililoeleweka vibaya linaandikwa kwenye faili, na faili hiyo ndiyo inayosomwa wakati wewe haupo.