Gobore la Bei Nafuu kwa Kujilinda: Je, Inajuzu?

SWALI:

Mimi ni mama, niko Pemba. Mwanangu anafanya biashara ya dagaa Mwanza, pale mwaloni Kirumba. Wezi walivunja chumba chake usiku wakachukua fedha zote za mzigo. Sasa kuna mtu anataka kumuuzia gobore kwa bei ndogo, na yeye anasema bunduki ya dukani hataiweza. Je, inajuzu kulinunua ili ajilinde?

JIBU:

AlhamduliLlaah, na Swalah na salaam zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na Swahaba zake.

Mama yetu, tunamuomba Allaah Amhifadhi kijana wako na Amrudishie kilicho bora zaidi. Khofu yake si ya bure. Wavuvi wa Ziwa Victoria wamekuwa wakivamiwa majini usiku na kunyang’anywa injini na nyavu. Hata Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Mwanza aliuawa kwa risasi usiku, Oktoba 2012. Kwa hiyo hatutamwambia kijana asubiri tu. Tutaeleza dini inasema nini, sheria ya nchi inasema nini, kisha afanye nini kwa kipato alicho nacho.

1. Hukumu ya kujitetea

Kujitetea kuna asili katika Shariy’ah. Imethibiti kwamba Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) amemhesabu kuwa shahidi mwenye kuuawa akitetea mali yake, nafsi yake, dini yake au ahli zake.

Lakini haki hii ina mpaka. Imaam an-Nawawiy katika Minhaaj, kitabu kinachosomeshwa katika madrasa zetu, ameeleza kuwa mshambuliaji huzuiwa kwa njia nyepesi kwanza. Yakitosha maneno na kupiga ukelele wa msaada, kupiga ni haramu. Ukitosha mkono, fimbo ni haramu. Ikiwezekana kukimbia, basi kukimbia ndiyo wajibu na kupigana ni haramu. Vilevile, kutetea mali kama fedha na bidhaa kunajuzu lakini si wajibu. Aliyewaachia wezi fedha akaokoa roho yake hana dhambi, wala si mwoga.

Sheria ya nchi imekaribia maana hiyo. Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 18 hadi 18C, inampa mtu haki ya kujitetea yeye, mwenzake na mali yake, kwa sharti atumie nguvu ya kiasi kinachohitajika tu. Aliyempiga risasi mwizi anayekimbia na kumpa mgongo ana mas-uliya mbele ya hakimu, na mbele ya Allaah kabla ya hakimu.

2. Gobore ni silaha mbele ya sheria

Wengi Kanda ya Ziwa wanadhani gobore ni chombo cha jadi, kama mkuki, kwa kuwa limetengenezwa na mhunzi wa kijijini. Sivyo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kila mwenye bunduki awe na leseni, na watu wamefungwa jela kwa kukutwa na gobore. Kesi za silaha pia huweza kuendeshwa kama uhujumu uchumi, ambako mtuhumiwa anaweza kukaa mahabusu muda mrefu kabla kesi yake haijasikilizwa. Nani atauza dagaa wakati huo? Nani atakutumia wewe mama pesa ya chakula?

Njia ya halali ipo. Mwombaji huanzia serikali ya mtaa au kijiji anakojulikana, maombi yakapita kwa polisi na kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, hadi kwa msajili wa silaha. Hutazamwa tabia yake, akili yake, na kama anajua kuitumia na kuihifadhi. Kisha hununua kwa muuzaji mwenye leseni. Njia hii ina gharama na inachukua muda. Asiyeiweza ana udhuru wa kukosa bunduki, lakini hana udhuru wa kununua ya magendo. Kuwatii wenye mamlaka katika jambo lenye maslaha ya wote ni katika maamrisho ya Suratun-Nisaa, Aya ya 59.

3. Madhara yake ni makubwa kuliko nafuu yake

Gobore hupakiwa baruti kwa mdomo wa mtutu na hutoa mlio mmoja tu. Likikosa, mwenye nalo amebaki na kipande cha chuma mbele ya watu waliokwishakasirika. Mtutu usiotengenezwa kwa vipimo huweza kupasuka na kumkata vidole au kumpofua mwenyewe. Na katika vyumba vya kupanga, ambako ukuta mmoja unagawa familia mbili, risasi haichagui.

Silaha isiyosajiliwa pia haijulikani ilikotoka. Huenda imeibiwa, au imeua mtu, na atakayekutwa nayo ndiye atakayeulizwa.

Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) alimuamrisha apitaye msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye ncha zake asije akamjeruhi Muislamu. Amekataza pia kumuelekezea ndugu yako silaha, hata kwa mzaha. Ikiwa hiyo ndiyo adabu ya mshale, vipi bunduki iliyofichwa chini ya godoro ambapo watoto wanacheza?

4. Afanye nini sasa

Kwanza, fedha zisilale chumbani. Wezi wa mwaloni hufuata pesa taslimu. Auze, aweke benki au kwenye simu siku hiyo hiyo, na asitangaze siku ya kupokea mzigo.

Pili, mlango wa mbao ngumu, komeo la ndani, taa ya nje na filimbi. Vyote hivi pamoja havizidi uwezo wa mfanyabiashara mdogo.

Tatu, jirani. Wasukuma na Wanyamwezi walipozidiwa na wizi wa ng’ombe mwanzoni mwa miaka ya 1980, walianzisha sungusungu. Yowe likipigwa kijiji kizima kilitoka na pinde na mishale. Serikali ilikuja kuwatambua kisheria mwaka 1989. Wapo waliovuka mpaka wakatesa na kuua watuhumiwa, na hilo hatuliungi mkono. Lakini ajiunge na ulinzi shirikishi wa mtaa wake, na mwizi akikamatwa apelekwe polisi akiwa hai. Namba ya dharura ni 112.

Nne, mbwa. Hadiyth zimeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Maulamaa wa Kishaafi’iy wamekhitalifiana kuhusu mbwa wa kulinda nyumba, na kauli iliyo sahihi zaidi kwao ni kujuzu kwa kulinganisha na hao. Afugwe nje, na palipoguswa na mate yake paoshwe mara saba, moja kwa udongo.

5. Aliyekwishanunua, au aliyerithi

Asiuze, asizike, asitupe ziwani. Serikali hutoa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, kama ilivyofanya Septemba na Oktoba za 2022 na 2023. Amtafute imamu au mwenyekiti wa mtaa amsindikize polisi. Na mzee akifariki akaacha bunduki, hata yenye leseni, warithi wasigawane kama shamba. Polisi waarifiwe kwanza, kisha mirathi iendelee.

Muhtasari wa jibu: haijuzu kwa kijana wako kununua gobore hilo. Mwambie fedha alizopanga kulinunulia anunue mlango na komeo, na zinazobaki arudishe kwenye mtaji. Nawe mama usiache kumuombea, kwani du’aa ya mzazi ni katika zisizorudishwa.

Na Allaah Anajua zaidi.