Kutoka Ikiragi hadi Usonji: Historia ya Majina ya Mtoto Aliyechelewa Kusema katika Mji wa Bujumbura

Utangulizi

Mzazi wa Bujumbura anapogundua kwamba mtoto wake wa miaka miwili au mitatu hasemi, haitiki anapoitwa jina na hachezi na wenzake, jambo la kwanza analohitaji ni neno. Neno hilo ndilo litakaloamua aelekee wapi: kwa mganga, kwenye maombi, hospitalini, au abaki nyumbani na kufunga mlango. Tafiti nyingi kuhusu usonji na kuchelewa kwa makuzi huanzia kwa daktari. Makala haya yanaanzia kwenye lugha. Yanafuatilia majina ambayo mtoto wa namna hiyo amepewa katika mji huu, na yanadai kwamba pengo kubwa zaidi halimo katika jina la hali yenyewe. Pengo limo katika msamiati wa pamoja ambao mzazi na mhudumu wa afya wangeutumia kuzungumzia makuzi ya mtoto kabla hali hiyo haijapewa jina lolote.

Majina ya nyumbani

Bujumbura, iliyojulikana kama Usumbura hadi wakati wa uhuru mwaka 1962, ilikua kutokana na kituo cha kijeshi cha Wajerumani kilichoanzishwa mwishoni mwa karne ya 19. Kiswahili kilienea humo kupitia wafanyabiashara, askari na makarani, kikakita mizizi hasa katika mtaa wa Buyenzi, ambako hadi leo ni lugha ya nyumbani. Nchini kote, hata hivyo, Kirundi ndicho lugha ya wananchi karibu wote. Kwa sababu hiyo mtoto asiyesema alikuwa na majina katika lugha mbili. Kwa Kirundi, asiyesema huitwa ikiragi, anayeonekana mpumbavu huitwa ikijuju, na mwenye ulemavu wa viungo huitwa ikimuga. Kwa Kiswahili kuna bubu, zezeta, taahira na kilema.

Mambo mawili yanajitokeza katika orodha hiyo. La kwanza ni ngeli. Kiambishi iki- cha Kirundi ni ndugu wa ki- ya Kiswahili katika kiziwi, kipofu, kiwete na kilema. Ngeli hii haibebi dharau peke yake, kwani imo pia katika kijana na kiongozi. Lakini ndiyo ngeli ya vitu, na majina mengi ya ulemavu yanapokusanyika humo, hali huchukua nafasi ya mtu. La pili ni wakati. Majina haya yote hutaja hali iliyokwisha kukamilika. Hakuna hata moja linalosema "bado". Neno ikiragi, sawa na bubu, halimtofautishi mtoto asiyesikia na mtoto anayesikia lakini amechelewa kusema, wala na yule anayetamka maneno ila hayatumii kuwasiliana na watu. Watoto hao watatu wanahitaji misaada mitatu tofauti, ilhali jina lao ni moja.

Neno lililopitia Ulaya

Neno autisme, ambalo daktari wa Bujumbura hulipata katika vitabu vya Kifaransa, lilibuniwa na daktari wa akili wa Uswisi, Eugen Bleuler, mwanzoni mwa karne ya 20, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "nafsi". Bleuler aliwazungumzia watu wazima wenye skizofrenia. Mwaka 1943 Leo Kanner, akiwa Baltimore, Marekani, alilitumia kueleza hali ya watoto 11. Istilahi ya Kiarabu, tawahhud, nayo imejengwa juu ya mzizi wa "moja". Lugha hizi zote zimemtazama mtoto katika upweke wake.

Kwa miongo kadhaa upweke huo ulidhaniwa kusababishwa na mama asiye na upendo. Bruno Bettelheim aliieneza dhana hiyo kwa kitabu chake cha mwaka 1967, ingawa Bernard Rimland alikuwa ameshaipinga mwaka 1964. Katika nchi za Kifaransa, mtazamo wa uchanganuzi-nafsi ulidumu muda mrefu zaidi. Mwaka 2012 ndipo mamlaka ya afya ya Ufaransa, Haute Autorité de Santé, ilipokataa kuupendekeza kwa watoto hawa. Historia hiyo inaihusu Burundi kwa kuwa Kifaransa ndiyo lugha inayofundishiwa udaktari nchini. Inawahusu pia Waswahili, ambao methali yao "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" humwelekezea mzazi kidole hichohicho.

Katika Afrika, Victor Lotter alichapisha mwaka 1978 matokeo ya ziara zake katika taasisi za nchi sita, Kenya ikiwemo. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa watoto 20 wa Tanzania. Kati yao, 14 walitimiza vigezo vya usonji, na watatu walikuwa wamekua kama kawaida hadi walipougua malaria kali. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba malaria husababisha usonji. Ulionyesha, hata hivyo, kwamba mzazi anayesema "alibadilika baada ya degedege" anatoa taarifa inayostahili kuandikwa.

Miaka mitano ya kwanza

Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliuvuruga mji. Katika mitaa iliyosikia milio ya risasi, ilikuwa rahisi kuueleza ukimya wa mtoto kuwa ni hofu, na kungoja. Kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge, kinachoendeshwa na shirika la kitawa la Brothers of Charity, kilikuwapo, lakini mtaani kituo cha aina hiyo hueleweka kuwa ni mahali pa wendawazimu. Mzazi ambaye neno alilo nalo ni bubu haoni sababu ya kumpeleka mtoto huko.

Badiliko kubwa lilikuja Mei 2006, serikali ilipotangaza matibabu ya bure kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Huo ndio umri ambao dalili za usonji hujitokeza na ambao msaada huzaa matunda zaidi. Mlango wa kliniki ukafunguka, lakini kliniki za watoto katika kanda hii zimejengwa juu ya uzito na chanjo, mambo yanayopimika bila mazungumzo. Usonji hauonekani katika damu wala mizani. Hutambuliwa kwa kumwangalia mtoto na kumuuliza mzazi: Je, huonyesha kitu kwa kidole? Je, hugeuka anapoitwa? Je, huiga watu wazima wanapotwanga au kufagia? Maswali haya hayawezi kutafsiriwa neno kwa neno. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mtoto hufunzwa kutomkazia macho mtu mzima. Swali kuhusu kutazamana macho, likiulizwa bila uangalifu, litageuza adabu kuwa dalili, au dalili kuwa adabu.

Sheria na lugha

Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2014, na Januari 2018 ikapata sheria yake ya kulinda haki hizo. Kirundi nacho kimesogea: badala ya ibimuga, lugha rasmi sasa husema abantu bagendana ubumuga, yaani watu wanaotembea na ulemavu. Mtu ametoka katika ngeli ya vitu na kurudi katika ngeli ya watu. Kiswahili kimepita njia hiyohiyo, kutoka kilema hadi mtu mwenye ulemavu, na Kiswahili sanifu kimeongeza neno usonji.

Hata hivyo, istilahi hubaki mali ya wataalamu isipobebwa na wazazi. Nchini Kenya, chama cha kitaifa cha usonji kilianzishwa mwaka 2003 na wazazi wenyewe.

Hitimisho

Jumuiya ya Afrika Mashariki imekikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi. Hatua hiyo itamfaa mzazi wa Buyenzi iwapo yatafanyika mambo matatu. Kwanza, kadi ya kliniki iwe na maswali machache ya makuzi kwa Kirundi na Kiswahili, yaliyotungwa pamoja na wazazi. Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikiane na wahudumu wa afya kuunda msamiati wa hatua za makuzi, usioishia kwenye majina ya maradhi. Tatu, maneno ya mzazi yaandikwe katika faili la mtoto kama alivyoyasema, kabla ya tafsiri ya Kifaransa.

Warundi husema umwana si uw'umwe, mtoto si wa mtu mmoja. Kwa mama ambaye mtoto wake haitiki anapoitwa, methali hiyo itatimia siku atakapoulizwa kliniki, kwa lugha yake, jambo alilokwisha kuliona nyumbani.