Unene uliozidi kwa watoto na vijana: ushauri wa nyumbani na kanisani

Kwetu Kivu mtoto mnene husifiwa: watu husema mama yake anajua kulisha. Aliyekonda ndiye huulizwa kama ni mgonjwa. Hatushangai, maana tumeona njaa na ukimbizi kwa miaka mingi. Lakini leo mtoto anayekosa chakula na mtoto aliyezidi uzito wanaweza kukaa katika nyumba jirani. Kwa hesabu ya OMS, mwaka 2022 watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 zaidi ya milioni 390 duniani walikuwa na uzito uliozidi, na kati yao milioni 160 walikuwa na ugonjwa wa unene.

Unene huo haupimwi kwa macho. Muuguzi hupima uzito na urefu, kisha hulinganisha na chati ya umri, ya wavulana au ya wasichana. Kipimo cha mtu mzima hakimfai mtoto.

Mshauri anaweza kuwa mjumbe wa afya wa mtaa au mama wa kundi la kanisa aliyefundishwa kazi hiyo. Haanzi na mtoto, anaanza na jamaa: nani anapika, nyumba inakunywa nini, watoto wanalala saa ngapi. Kisha wanachagua pamoja badiliko moja au mawili. Maji mahali pa soda, kwa mfano, kwa sababu chupa ya santilita 33 inaweza kubeba grami 35 hivi za sukari. Au bugali kidogo, na sombe, lengalenga na maharagi zaidi. Nyumba nzima inakula chakula kile kile. Kumpa mmoja sahani yake ya adhabu kunamfundisha kula kwa kujificha. Kwa mtoto anayekua, mara nyingi inatosha uzito usiongezeke wakati urefu unaendelea. Tusimfungishe kwa ajili ya unene, wala tusimnunulie dawa za sokoni.

Hotuba moja kisha ibada haitoshi. Huko Marekani, jopo la wataalamu wa kinga lilipendekeza mwaka 2024 angalau masaa 26 na wahudumu wa afya, ndani ya muda usiozidi mwaka, kwa watoto wa miaka 6 na zaidi.

Mtoto anahitaji pia dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Wazazi wengi wanaogopa kuwaachia watoto barabarani, na tunawaelewa. Kiwanja cha kanisa chenye ukuta kinaweza kufunguliwa mchana. Na sisi wenyewe tunaogawa soda na biskwi kila sikukuu ya watoto, tuanzie hapo.

Tusimpime mtoto mbele ya wenzake, wala kumpa jina la utani. Akikoroma na pumzi kukatika usingizini, akiwa na kiu na kukojoa sana, akiumwa magoti au nyonga, au akijitapisha, apelekwe kwa daktari bila kungoja.