Homa isiyo na homa

Mteja akiingia duka la dawa Mchafukoge na kusema ana homa, muuzaji anaelewa kwamba mwili unachemka. Hapo ndipo jina homa ya ini linapopotosha. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa kwenye ini miaka mingi bila mwenyewe kupata joto hata la usiku mmoja.

Wengine huichanganya homa ya ini na homa ya manjano, ambayo huenezwa na mbu. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Utata huu wa jina unawagusa hata watafiti wa dawa mpya. Jaribio la tiba nchini Tanzania linahitaji kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa, na idhini ya maadili ya NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa, kisha fomu ya ridhaa ambayo mshiriki anaielewa. Fomu ikisema “homa” tu, mtu anayejiona mzima atauliza, na ana haki: “Mbona mimi sina homa, daktari?” Afadhali “uvimbe wa ini wa virusi”, japo ni jina refu.

Neno “kupona” nalo lichungwe. Virusi vya aina ya C huondolewa kwa vidonge vya takriban wiki 12, sofosbuvir ikiwemo. Vya B, dawa ya tenofovir huvizuia tu visizaliane. Kuvimaliza kabisa ndiko majaribio ya sasa yanakokutafuta.