Daftari la Ulanzi Liko kwa Mtoza Ushuru

Mtu akitaka kuandika historia ya ulanzi wa Iringa atakuta karatasi nyingi kuliko alivyotazamia. Kuna sheria, kuna leseni, kuna stakabadhi za ushuru. Atakachokosa ni maandishi ya mgema mwenyewe: lini alikata mwanzi, lini tone la kwanza lilidondoka, mbeta ilitoa kiasi gani asubuhi na kiasi gani jioni, na kwa nini ulanzi wa juma fulani uliharibika kabla ya kufika klabuni.

Msikilizaji wa Dar es Salaam au Tanga anayelijua tembo la mnazi hatapata taabu kunielewa. Mwanzi mchanga unapochipua wakati wa mvua, mgema huukata ncha. Kisha hurudi asubuhi na jioni kuchonga ubale mwembamba penye jeraha lile, siku baada ya siku, mpaka utomvu uanze kudondoka. Hapo ndipo hutundika mbeta, yaani pingili ya mwanzi uliokomaa iliyoachwa na kitako chake. Utomvu huanza kuchacha humo humo, kwa chachu ya hewani na ile iliyosalia katika chombo tangu jana. Ulio mtamu bado huitwa togwa, na uliokaa ukakolea huitwa mkangafu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutaja ulanzi katika kitabu chake cha 1998 kuhusu matunda na mboga zilizochachushwa, likasema uchachu huchukua saa 5 hadi 12, kutegemea ukali unaotakiwa. Saa 5 hadi 12! Katika tofauti hiyo ndimo ulimo ujuzi wote wa kazi hii, na ujuzi huo umo vichwani mwa watu tu.

Wala si kwamba Nyanda za Juu Kusini hazikuandikwa. Kapteni Ernst Nigmann wa jeshi la Wajerumani alichapisha kitabu kizima juu ya Wahehe mwaka 1908, miaka kumi tu baada ya kifo cha Mkwawa. Mwaka 1935 mtaalamu wa mila Gordon Brown na mtawala wa wilaya Bruce Hutt walitoa kitabu chao kuhusu Iringa, ambamo mtawala aliuliza maswali ya utawala na mtaalamu akatafuta majibu. Upande wa Mbeya, kule Rungwe, Godfrey na Monica Wilson walikaa na Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, wakajaza madaftari ambayo leo yamehifadhiwa Chuo Kikuu cha Cape Town. Walisaidiwa na karani wao, Leonard Mwaisumo, aliyeshika kalamu kwa lugha yake mwenyewe. Kitabu alichokitoa Monica mwaka 1951 kinaeleza kwa urefu jinsi wanaume wa rika moja walivyokula na kunywa pamoja. Lakini swali la kitabu kile lilikuwa watu wanaishije pamoja. Mama aliyepika kimpumu, akaupima ulezi wake na kungoja siku zake, hakuwa ndiye aliyeulizwa kwanza.

Serikali nayo ilikuwa na swali lake. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926 iliwapa machifu uwezo wa kuzuia au kuratibu utengenezaji na unywaji wa pombe katika maeneo yao. Baada ya Uhuru ikaja Sheria ya Vileo ya 1968, na ile ya Fedha za Serikali za Mitaa ya 1982 ikaziweka ada za leseni za vileo miongoni mwa mapato ya halmashauri. Nani anauza, anauzia wapi, amelipa au hajalipa: hayo ndiyo yaliyoandikwa. Stakabadhi ina tarehe ya kulipa. Tarehe ya kugema haimo.

Mimi naona hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kwa vizazi kadhaa mwananchi wa Iringa amejifunza kwamba pombe ikishaandikwa, maandishi hayo huishia mezani kwa mtoza ushuru. Mtu mwenye akili timamu hamwandalii mtoza ushuru hesabu. Wanaosema kwamba wagema hawaandiki kwa kukosa elimu waende vilabuni wakatazame ukutani, ambako madeni ya wateja yameandikwa kwa mkaa, jina kwa jina, bila kosa hata moja la kujumlisha.

Nilipata kumwuliza mzee mmoja wa Iringa ulanzi ulianza kutoka lini mwaka uliotangulia.

"Kamwene, mwanangu," alinijibu. "Ulianza baada ya mvua ya pili, mwaka ule tuliomzika shemeji."

Nikamwuliza kama siku hizi msimu unachelewa kuliko zamani. Alisema unachelewa. Jirani yake, mgema vilevile, akasema hauchelewi, ila mvua hukatika upesi. Wakabishana kwa heshima mpaka tukaagana, na hapakuwa na karatasi ya kuwaamua.

Sasa tazama mji wa Beaune, nchini Ufaransa. Mwaka 2019 mwanahistoria Thomas Labbé na wenzake walichapisha orodha ya tarehe za kuvuna zabibu katika mji ule, tangu 1354 hadi 2018. Tarehe za zamani walizipata katika vitabu vya malipo ya vibarua wa shamba la zabibu na katika kumbukumbu za baraza la mji. Hakuna aliyekuwa akichunguza hali ya hewa. Walitaka tu kujua vibarua wanadai nini. Lakini kwa kuwa siku ya kuvuna iliandikwa, leo inajulikana kwamba tangu 1988 mavuno huanza kwa wastani siku 13 mapema kuliko katika karne zote za nyuma. Wale wazee wawili wa Iringa wangekuwa wa Beaune, ubishi wao ungekwisha kwa dakika tano.

Na hapo sijagusa suala la kuharibika. Louis Pasteur alipotakiwa katika miaka ya 1860 kuchunguza kwa nini divai ya Ufaransa inaharibika, alijaribu, akaandika, akajaribu tena. Kitabu chake juu ya divai kilitoka 1866, na madaftari yake, zaidi ya 100, yamo katika Maktaba ya Taifa mjini Paris. Mgema wa Iringa hujaribu mambo kila msimu: mbeta mpya au ya zamani, kuiosha au kuiacha na machicha ya jana, kuchanganya ulanzi wa asubuhi na wa jioni. Huyaona matokeo kwa ulimi wake. Akifariki, mwanawe huanza upya, tena katikati ya wateja wanaomshuku, maana sote tunajua mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Daftari ninalolifikiria ni la shule, la kurasa 48. Tarehe ya kukata ncha. Tarehe ya tone la kwanza. Vikombe vya asubuhi, vikombe vya jioni. Mvua ilinyesha au haikunyesha. Mbeta ilioshwa au haikuoshwa. Ladha kesho yake, kwa neno moja la Kihehe au Kibena, kwa kuwa lugha hizo zina maneno ya ladha ya ulanzi ambayo Kiswahili changu hakina. Safu ya bei isiwemo kabisa, wala jina la mnunuzi. Hapo hata mtoza ushuru akilifungua, atakuta habari za mvua tu.