Waya Juu ya Mwembe

Historia ya utangazaji wetu huandikwa kuanzia studio: Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951, kisha Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Mimi nimelelewa Kigoma na baba aliyekuwa fundi redio, na naidai historia hiyo sura moja, ya waya.

Kutoka Dar es Salaam hadi kwetu ni zaidi ya kilomita 1,000. Mchana masafa ya kati hayakuweza kufika. Tulitegemea masafa mafupi, ambayo hupanda angani na kurudishwa chini, yakatua yakiwa dhaifu. Redio ya transista ilikuwa na antena yake ya kuvuta, lakini ndani ya nyumba iliyoezekwa bati ilikoroma tu, kwa kuwa bati huzuia mawimbi. Hapo ndipo baba alipoitwa.

Alifumua koili ya mota iliyoungua, akapata waya wa shaba wa mita 20 hivi. Ncha aliikwangua kwa wembe, maana waya ule una vanishi isiyopitisha umeme. Wengi walifunga bila kukwangua, wakalaumu redio. Upande mmoja aliufunga juu ya mwembe, mwingine kwenye mwanzi mrefu, na kila mwisho akaweka shingo ya chupa ili waya usiguse mti uliolowa mvua. Tawi la waya lilishuka dirishani. Redio za valvu zilikuwa na matundu mawili nyuma, la antena na la ardhi. Waya wa ardhi aliufunga kwenye bomba lililopigiliwa pale yanapomwagika maji ya kuoga, udongo usije ukakauka. Radi ikianza kunguruma, waya ulichomolewa na kutupwa nje.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya elimu ya afya, Mtu ni Afya, wiki 12, watu wapatao milioni 2 wakijifunza katika vikundi vya redio. Kikundi kisichosikia kipindi kilibaki na kitabu tu. Baba alikwea miembe mingi kufunga waya mwaka ule, na redio ikiwa ya kikundi hakutoza hata senti.

Kampeni ile imesifiwa sana kwa vitabu na mpangilio wake, na ni haki. Lakini nusu ya njia ya sauti ile ilijengwa na wasikilizaji wenyewe, kwa shaba ya kuokota. Baadhi ya waliokwea miembe kufunga waya kama baba bado wapo Ujiji na Kasulu, mkoani Kigoma. Waulizwe sasa.